Wiski moja, chupa mbili, ladha mbili: je, ya kwangu ni feki?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi niko Gulu. Tuko marafiki sita: wawili Kampala, na wengine Jinja, Mbarara na Kabale. Kila Ijumaa usiku tunaandikiana kwenye simu tunachokunywa. Mwezi huu tulikubaliana wote tunywe Johnnie Walker Black Label ili tulinganishe. Wenzangu wa Kampala wanasema wanapata moshi, vanila na zabibu kavu. Mimi napata ukali wa spiriti puani, utamu kidogo, halafu basi. Chupa yangu niliifungua miezi minane iliyopita na imebaki robo. Ya mwenzangu mmoja ililetwa kutoka Johannesburg. Huwa nakunywa jioni barazani kwa glasi pana ya kawaida, pamoja na muchomo, yaani nyama choma. Wananiambia nimeuziwa feki. Nitajuaje?

Jibu: Ndugu yangu wa Gulu, kabla hujamrudia mwenye duka, soma tena ulichoandika. Umetaja mambo matano, na kila moja peke yake linatosha kuifanya wiski halali ionekane ya kughushi: chupa ya Johannesburg, miezi minane, robo iliyobaki, glasi pana na muchomo. La sita hukulitaja kwa kuwa umelizoea, nalo ni joto la Gulu. Feki inawezekana, na nitafika huko, lakini hakuna awezaye kuihukumu chupa yako mpaka hayo sita yaondolewe njiani.

Anza na lebo ya mwenzako

Sheria ya Afrika Kusini hairuhusu wiski iuzwe ikiwa chini ya asilimia 43 ya alkoholi. Kwa hiyo Black Label iliyotoka Johannesburg ni ya 43. Uskoti kwenyewe, kwa Kanuni za mwaka 2009, mwisho wa chini ni 40, na hicho ndicho kiwango utakachokuta kwenye chupa za masoko mengi. Geuza chupa yako usome. Ikiwa ni 40, basi tangu mwanzo hamkuwa mnakunywa kitu kimoja, ingawa jina na sura ya chupa ni vilevile.

Tofauti ya asilimia tatu si ya kudharau. Vitu vinavyobeba harufu ya wiski huyeyuka vizuri kwenye alkoholi kuliko kwenye maji, na ile ya 43 hukaa mdomoni nzito zaidi na ladha yake huchelewa kuondoka. Kuzisawazisha si kazi ngumu. Gawanya asilimia uliyo nayo kwa asilimia unayoitaka, toa moja, kisha zidisha kwa mililita za wiski. Mililita 25 za asilimia 43 zinahitaji mililita 1.9 za maji ili zifike 40. Nunua sirinji ya mililita 5 duka la dawa, tupa sindano, na hapo una kipimo bora kuliko kijiko chochote cha nyumbani.

Kuna jambo jingine la kujua kuhusu wiski hii mliyoichagua. Black Label ni mchanganyiko wa wiski za kimea cha shayiri na wiski za nafaka kutoka viwanda vingi, na namba 12 ni umri wa ile changa kuliko zote zilizomo. Moshi wake unatokana na zile ambazo kimea chake kilikaushwa kwa kuchoma piti, yaani udongo mweusi wa kinamasi. Caol Ila ya kisiwa cha Islay ni mojawapo. Hizo zimo kwa kiasi tu. Linganisha na Laphroaig ya miaka 10, ambayo kimea chake huwa na fenoli, yaani kemikali za harufu ya moshi, kiasi cha sehemu 40 hadi 45 kwa milioni: hata ukiinywea kwenye kikombe cha chai, moshi utakufuata. Moshi wa Black Label hukaa nyuma ya vanila na matunda, nao ndio wa kwanza kutoweka mambo yakienda kombo. Kwamba wewe umeukosa moshi na ukabaki na utamu, basi, si ushahidi wa feki. Ni dalili ya kawaida kabisa ya wiski hii inapoonjwa vibaya au ikiwa imekaa wazi.

Miezi minane na robo iliyobaki

Wiski haikui ndani ya chupa. Ya miaka 12 itabaki ya miaka 12 hata ukiirithisha wajukuu, mradi imefungwa. Ikishafunguliwa, mambo mawili huanza. Harufu nyepesi hupanda na kujaa kwenye hewa iliyo juu ya wiski, na kila ukifungua kizibo zinatoka. Wakati huohuo oksijeni ya hewa hiyo hubadilisha polepole zilizobaki. Kadiri wiski inavyopungua ndivyo hewa inavyoongezeka, na robo ya mwisho huharibika haraka kuliko robo tatu za kwanza. Harufu za moshi na za matunda mabichi ndizo zinazochoka mapema. Utamu wa mwaloni huvumilia.

Vipimo ninavyovishauri kwa hali ya hewa yetu: chupa iliyo juu ya theluthi mbili, mwaka mmoja bila wasiwasi; iliyofika nusu, miezi sita; iliyobaki robo, imalizwe ndani ya miezi miwili au ihamishwe. Kuhamisha ni kuimimina kwenye chupa ndogo ya kioo ya mililita 200 yenye kifuniko cha kuzungusha, uijaze mpaka shingoni ili hewa isipate nafasi. Usitumie chupa ya plastiki ya soda, maana plastiki huachia harufu na kunyonya nyingine, na ile ya kola haisafishiki hata kwa maji moto.

Mahali pa kuweka pia pana uzito. Wengi huweka chupa juu ya friji, bila kukumbuka kwamba friji hutoa joto lake nje mchana na usiku. Dirishani jua hupausha rangi na kuleta harufu kama ya kadibodi. Weka kabatini, chini, gizani, chupa ikiwa imesimama. Kuilaza kama divai ni kosa: alkoholi ya asilimia 40 hula kizibo cha gome, kikaanza kumomonyoka na kuvuja.

Joto, ambalo hukulitaja

Wanaojaribu wiski kwa kazi hufanya hivyo katika nyuzi 18 hadi 22 hivi. Kampala jioni inakaribia hapo bila mtu kujitahidi. Gulu wakati wa kiangazi, Januari na Februari, mchana hupita nyuzi 30, na baraza lililopigwa na jua kutwa nzima halijapoa saa moja ya usiku. Kabale, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, usiku huteremka hadi karibu nyuzi 10. Hebu fikiria: mwenzenu wa Kabale na wewe mna tofauti ya nyuzi kama 20 ndani ya glasi.

Nguvu ya mvuke wa ethanoli kutoka nyuzi 20 hadi 30 hupanda kwa karibu mara 1.8. Kwa hiyo ukiinua glasi barazani kwako, kinachokufikia kwanza ni wingu la alkoholi tupu. Wingu hilo hulewesha ncha za neva za pua kwa dakika kadhaa, na kila kinachofuata unakisikia kwa mbali. Ule "ukali wa spiriti" ulioueleza ni huo. Kabale tatizo ni kinyume: wiski baridi hujifunga, hainuki kitu, na mtu huishia kuandika kwamba ni laini lakini haina jipya.

Dawa ya Gulu: weka kiasi utakachokunywa kwenye friji kwa dakika 10 hadi 15, ndani ya chupa ndogo iliyofungwa, kisha mimina. Si barafu. Barafu inapoza kupita kiasi na inaongeza maji usiyoyapima. Dawa ya Kabale: shika tumbo la glasi kwa kiganja dakika tano. Kipimajoto cha jikoni kikiwepo, lengeni wote nyuzi 20. Kisipokuwepo, glasi iwe ya kupoa kidogo tu kwenye shavu.

Glasi, sabuni na muchomo

Glasi pana huachia harufu pande zote na kukuletea alkoholi zaidi. Inayofaa ina tumbo pana na mdomo uliobana. Glencairn ndiyo maarufu, lakini si lazima uitafute; glasi ndogo ya divai yenye shina, ya mililita 200 hivi, inafanya kazi ileile, na supamaketi huwa zipo. Mimina mililita 20 au 25, funika kwa kisahani dakika tatu, funua, usogeze pua taratibu huku mdomo ukiwa wazi kidogo. Usiizungushe kwa nguvu kama divai.

Usafi wa glasi ndio unaowaumbua watu wengi. Glasi iliyooshwa na Jik na kusuuzwa haraka hubaki na harufu ya klorini, na klorini puani hufanana na ile harufu ya hospitali inayosifiwa kwenye wiski za Islay. Glasi iliyofutwa kwa kitambaa kilichoanikwa karibu na sigiri itakupa moshi ambao haumo kwenye chupa. Aliyeiweka kabatini ikiwa imeinamishwa atapata harufu ya mbao na akaiita mwaloni. Ukitaka kujua, nusa glasi tupu kabla ya kumimina. Ikinuka chochote, isuuze kwa maji ya moto matupu, na iache ikauke yenyewe ikiwa imesimama.

Sasa muchomo. Pua huzoea harufu iliyokaa nayo. Ukishinda karibu na makaa nusu saa, ubongo huacha kukuarifu kuhusu moshi. Wiski yenye moshi mwembamba ikija baada ya hapo, moshi wake hauonekani kabisa. Mafuta ya mbuzi nayo hufunika ulimi, na pilipili huongeza mwako wa alkoholi. Sikukatazi muchomo, na wiski yenye moshi mwingi ikiwa na soda baridi kando ya nyama ni jambo zuri sana. Ila huo ni mlo, na usiuandikie ripoti ya Ijumaa. Siku ya kuonja, onja kwanza, nyama baadaye.

Maji

Watu hubishana kuhusu maji kana kwamba ni suala la imani. Lina sayansi yake. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus huko Sweden, Karlsson na Friedman, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba gwayakoli, moja ya molekuli za ladha ya moshi, hukusanyika karibu na uso wa kimiminika alkoholi ikiwa hadi asilimia 45 hivi, na kwamba ikipita 59 huzungukwa na ethanoli na kuzama ndani. Kwa wiski ya 40 tayari uko upande mzuri, na maji ya ziada ni kwa ajili ya kupunguza mwako. Kwa mililita 25, ongeza mililita 2 kwa sirinji, nusa, halafu 2 nyingine. Ukifika mililita 8 uko karibu na asilimia 30, na Black Label huanza kuwa nyepesi mno. Wachanganyaji wa viwandani hushuka hadi 20, yaani maji nusu kwa nusu, lakini wao wananusa kutafuta kasoro, hawanywi.

Tumieni wote maji ya chupa ya aina moja, Rwenzori kwa mfano. Ya bomba yana klorini. Ikibidi, yachemshe na uyaache wazi usiku kucha. Na iwapo siku moja mtanunua wiski ya 46 isiyochujwa kwa baridi, kama Ardbeg ya miaka 10, msishtuke ikiwa na ukungu baada ya kuongezwa maji au kutoka kwenye friji. Ni mafuta ya asili yanayoganda. Feki haihusiki.

Jaribio litakalomaliza ubishi

Sasa ndipo uweze kuihukumu chupa. Mwombe mwenzako wa Kampala ambaye chupa yake ni ya 40 na imefunguliwa karibuni akutumie mililita 100 kwa basi, ndani ya chupa ndogo za kioo zilizojaa mpaka shingoni, kifuniko kikiwa kimezungushiwa utepe. Chupa zilizowahi kuwa na dawa ya kikohozi zisitumike. Ile sharubati haitoki.

Linganisha rangi kwanza. Mimina kiasi sawa kwenye glasi mbili zinazofanana, ziweke juu ya karatasi nyeupe. Rangi ya Black Label husawazishwa kwa karameli, ambayo sheria ya Uskoti inairuhusu, na shabaha yake ni kwamba chupa zote zifanane. Yako ikiwa nyepesi au nyekundu waziwazi kuliko yake, hilo ni jambo la kuandika pembeni.

Kisha mtu mwingine nyumbani akuandalie glasi tatu zisizo na alama unayoijua: mbili za wiski moja, moja ya nyingine, mililita 5 kila moja, joto moja. Kazi yako ni kuitaja iliyo tofauti. Rudia mara sita, anayeandaa akibadilisha mpangilio kwa kurusha shilingi. Kwa kubahatisha tu utapatia moja kati ya tatu, kwa hiyo kupata mbili au tatu kati ya sita si kitu. Ukipata tano au zaidi, uwezekano kwamba ni bahati ni chini ya asilimia 2, na hapo unaweza kusema kwa haki kwamba chupa zinatofautiana. Gawanya jaribio kwa siku mbili. Mizunguko sita ni mililita 90 ukizimeza, na baada ya mzunguko wa nne pua inakuwa imeshachoka na kichwa kimeshaanza kukubali kila kitu. Bora zaidi, nusa tu, maana sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ni pua.

Nakutahadharisha kwamba kwa chupa iliyokaa wazi miezi minane huenda ukapata sita kati ya sita, na bado isiwe feki. Jaribio linakuambia zinatofautiana, halikuambii kwa nini. Ili kutenga sababu hizo mbili, ingekuwa vyema kununua chupa ndogo mpya kutoka duka lilelile na kulirudia jaribio nayo. Ikifanana na ya Kampala, umejua kwamba tatizo lako lilikuwa hewa. Isipofanana, endelea kusoma.

Feki yenyewe

Tangu Novemba 2019 URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, inataka vinywaji vikali vinavyouzwa nchini viwe na stempu ya kodi ya kidijitali, na programu ya simu ya Kakasa husoma stempu hizo. Isome, kisha linganisha bidhaa inayotajwa na ile uliyoshika. Kukosekana kwake kuna maana tofauti kulingana na chupa ilikotoka: ya mwenzako kutoka Johannesburg haitakuwa nayo, na iliyonunuliwa Nairobi itakuwa na ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, ambayo husomwa kwa programu ya Soma Label. Lakini chupa ya dukani Gulu isiyo na stempu ya Uganda, hata kama wiski yake ni halali, imeingia kwa mlango wa nyuma, na hakuna anayejua imehifadhiwaje wala imepitia mikono ya nani.

Waghushi wengi hawatengenezi chupa. Hujaza upya ile ya kweli. Ndiyo maana lebo nzuri haithibitishi kitu, na macho yako yaende kwenye kizibo: pete iliyokatika na kugandishwa, plastiki ya shingo iliyokunjamana, kifuniko kinachozunguka bila kukatika. Baadhi ya chupa za masoko yetu zina goroli ndani ya shingo la kuzuia kujazwa upya; likiwa limechokonolewa utaona mikwaruzo. Chupa za Ulaya mara nyingi hazina goroli, kwa hiyo kutokuwepo pekee si hoja. Tafuta msimbo wa toleo uliochapwa kwenye kioo karibu na kitako. Uliofutwa au kukwaruzwa ni ishara mbaya. Panga chupa tatu za rafu moja na uangalie usawa wa wiski shingoni. Mashine za kiwanda hujaza kwa usawa, mkono wa mtu hautaweza. Na ukimaliza ya kwako, kwaruza lebo na uvunje kifuniko kabla ya kuitupa, maana chupa tupu zina wateja.

Wengine watakushauri ununue kipima alkoholi cha kuelea. Kinasaidia, lakini kimesanifiwa kwa nyuzi 20, na wengi hawafanyi masahihisho. Karibu na asilimia 40, kila nyuzi moja juu ya 20 huongeza usomaji kwa takriban 0.4. Wiski ya kweli ya 40 katika nyuzi 30 itasoma 44. Sasa tazama upande wa pili: iliyochanganywa na maji mpaka 36 itasoma 40 barazani kwako mchana, nawe utafurahi bure. Poza hadi 20 ndipo upime. Kutikisa chupa na kuhesabu povu ni ubashiri tu, achana nako.

Na hakuna kati ya hivyo kinachogundua methanoli. Uzito wake unakaribiana mno na wa ethanoli hivi kwamba kipima cha kuelea hakitofautishi, harufu na ladha havikuonyi, na kule kuwasha kiberiti kutazama rangi ya moto ni imani ya kuua, kwa kuwa ethanoli safi pia huwaka bluu. Mwaka 2010 wilayani Kabale makumi ya watu walikufa kwa waragi, pombe kali ya Uganda, iliyochanganywa na methanoli. Dalili huchelewa, mara nyingi saa 12 hadi 24: kichwa, kutapika, maumivu ya tumbo, na macho kuona ukungu au weupe. Mtu akiwa hivyo baada ya kunywa, hata kama jana alikuwa mzima, apelekwe hospitali mara moja na chupa ichukuliwe pamoja naye. Tiba ipo, lakini haisubiri asubuhi. Kwa hiyo chupa ambayo kizibo chake kina shaka hairuhusiwi kwenye jaribio langu la glasi tatu. Usiionje hata kwa ulimi.

Kwako wewe, ambaye umeinywa robo tatu kwa miezi minane bila madhara na malalamiko yako ni kwamba haina moshi, mimi naweka dau langu kwenye hewa, joto na muchomo, kwa mpangilio huo.

Mnavyoandikiana Ijumaa

Ripoti ya "nakunywa Black Label, tamu sana" haimsaidii aliye Mbarara. Hata ile ndefu yenye maua ya Uskoti na keki za Krismasi haisaidii, kwa sababu hakuna kati yenu anayeijua harufu ya maua hayo. Semeni mnachokijua. Kuna kemia nyuma yake: harufu ya ndizi bogoya iliyoiva hutokana na esta za uchachu, vanila ni vanilini ya mwaloni, na karafuu pia hutoka kwenye mti wa pipa. Nazi hujitokeza sana kwenye bourbon, kwa kuwa sheria ya Marekani inataka pipa jipya lililochomwa ndani. Zabibu kavu na tende huashiria pipa lililobeba divai ya sherry, na harufu ya Dettol ni fenoli za piti. Mwenye kusema fenesi au ndizi gonja ya kuchoma amesema kitu ambacho wote watano wengine wanaweza kukitafuta kwenye glasi zao.

Ripoti inayofaa iwe hivi, na isizidi hapo:

*Black Label, 40, chupa ya ml 750, msimbo wa kitako umeandikwa. Imefunguliwa wiki tatu, imejaa robo tatu. Glasi ya divai, nyuzi 21, sijala tangu saa saba. Bila maji: bogoya, vanila, moshi mdogo mwishoni. Kwa ml 2 za maji: moshi umesogea mbele, karafuu. Baada ya dakika 15: zabibu kavu, mwisho mfupi.*

Mwezi ujao msinunue chupa sita. Nunueni moja, mtu mmoja wa Kampala aigawe siku ileile aliyoifungua: mililita 750 hutoa sampuli kumi na nne za mililita 50 na kitu kidogo cha aliyejitolea kumimina, mbili kwa kila mmoja na mbili za akiba. Mkitaka kuweka wiski kadhaa usiku mmoja, tangulizeni zisizo na moshi na zenye alkoholi ndogo: Jameson, kisha Glenfiddich ya miaka 12, kisha Black Label, na Laphroaig mwisho kabisa, mililita 15 kila moja, maji na mkate mkavu katikati, dakika tano za kupumzisha pua. Laphroaig ikitangulia, zote zinazofuata zitanuka Laphroaig.